Kukagua ubora na usalama wa huduma kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anayeishi kwake England

Mwongozo huu ni wa wahudumu, viongozi wa zamu na wanafamilia wanaoingia mara kwa mara kwenye nyumba za supported living huko England, kazi ambayo Wakenya na Watanzania wengi wanaifanya siku hizi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina wakaguzi wao na sheria zao. Mambo ya mwili yaliyomo humu ni yaleyale kote. Ya kisheria hutofautiana.

Nyumba ya namna hii si kituo. Anayeishi humo ni mpangaji: ana mkataba wake wa upangaji na anadaiwa kodi kama jirani yake. Kampuni ya huduma inaingia kwa mkataba mwingine kabisa, mara nyingi uliolipiwa na halmashauri. Mkaguzi wa serikali, Care Quality Commission, ambayo kila mtu huiita CQC, husajili na kukagua huduma binafsi kama kuoga, kuvaa, kula na kwenda chooni, pamoja na namna dawa zinavyosimamiwa. Haikagui jengo kama inavyokagua makao ya wazee. Tena alama inayotoa ni ya ofisi iliyosajiliwa, na ofisi moja inaweza kuhudumia nyumba nyingi. Wakaguzi hutembelea chache. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa na alama ya "Good" ukutani, na nyumba unayofanyia kazi haijawahi kukanyagwa na mkaguzi. Ukaguzi wa kweli unabaki kwa wanaoingia humo kila siku.

Watu wenye ulemavu wa akili nchini humo hufariki mapema kuliko wengine kwa takriban miaka 20. Mpango wa taifa wa kuchunguza vifo vyao, LeDeR, ulikuta kwamba kati ya vifo vya watu wazima vya mwaka 2022, asilimia 42 vingeweza kuepukika. Kwa watu wengine ni karibu nusu ya hapo. Si vifo vya ajabu. Ni nimonia, kupaliwa, kifafa, utumbo ulioziba kwa choo kigumu, saratani iliyogunduliwa imechelewa. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inazungumzia choo, chakula, maji ya kuoga na dawa kabla ya kufika kwenye mafaili.

Dakika za kwanza ndani ya nyumba

Nenda kwa saa zisizotarajiwa: Jumapili saa kumi jioni, au siku ya kazi saa moja usiku. Asubuhi ya Jumanne kila nyumba inapendeza.

Angalia nani anafungua mlango. Mpangaji anayeweza kufungua ndiye afungue, mhudumu akiwa nyuma yake. Sebuleni, tazama runinga inaonyesha kipindi cha nani. Jikoni, uliza nani aliamua chakula cha leo na nani alikwenda kununua. Kama chumba kimoja kimegeuzwa ofisi, kuna ratiba ya zamu ukutani, taulo za wapangaji wote zina rangi moja, na wote wanne wanalala saa tatu usiku kwa sababu zamu inabadilika saa tatu na nusu, hiyo ni taasisi iliyovaa sura ya nyumba. CQC ina mwongozo wake wa huduma hizi, wa mwaka 2020, unaoitwa "Right support, right care, right culture", na mambo haya hasa ndiyo unayoyapinga.

Kisha kaa na mpangaji mwenyewe, hata kama haongei. Tazama kucha, meno, midomo iliyokauka, nguo kama zinamtosha. Mtu aliyepungua uzito mkanda wake humwambia mgeni kabla ya mizani. Angalia pia anavyomtazama mhudumu anapopita: kujikunja au kunyamaza ghafla si jambo la kupuuza.

Choo

Watu hawapendi kulizungumzia, na ndiyo maana linaua. Sababu za choo kigumu kwa wapangaji hawa ni nyingi na zinajumlika: kukaa sana, kunywa maji kidogo, mwili usio na nguvu, na hasa dawa. Dawa za magonjwa ya akili, clozapine ikiwa mbele, procyclidine, codeine na vidonge vya madini ya chuma, zote hufunga choo. Mtu anayetumia mbili kati ya hizo awe kwenye uangalizi wa choo hata kama hajawahi kulalamika.

Chukua chati ya choo ya wiki nne zilizopita. Nyumba nyingi hutumia kipimo cha Bristol, aina ya 1 hadi ya 7. Aina ya 1 ni vipande vigumu kama vinyesi vya mbuzi, ya 3 na ya 4 ndizo za kawaida, ya 7 ni maji matupu. Tafuta mambo haya:

Mapengo. Mpango wa huduma unapaswa kusema wazi ni siku ngapi bila choo kabla ya kuchukua hatua, na hatua gani. Nyingi huandika siku tatu. Kama mpango unasema "fuatilia" bila namba, urudishwe uandikwe upya.

Sifuri ya kweli na sifuri ya kutojua. Mpangaji anayekwenda chooni peke yake huandikiwa "hakuna" siku tano mfululizo, kumbe hakuna aliyemwuliza. Lazima chati itenganishe "hakupata" na "hatujui".

Aina ya 6 au ya 7 baada ya siku kadhaa za ukavu. Hapa ndipo wahudumu wengi hukosea. Choo kigumu kimeziba utumbo, maji yanapenya pembeni yake, mhudumu anaandika "anaharisha", dawa ya kulainisha inasimamishwa, au mtu anapewa ya kuzuia kuhara. Kuziba kunazidi. Kuhara kwa namna hii ni jambo la kumpigia daktari siku hiyohiyo. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika, asipotoa hata hewa, au akiwa na maumivu makali, piga 999, namba ya dharura.

Ukiona dawa ya unga ya kulainisha choo, macrogol, simama uone inavyotayarishwa. Pakiti moja ya kawaida ya mtu mzima huyeyushwa kwenye mililita 125 za maji, kama nusu glasi. Wanaoichanganya kwenye vijiko vitatu vya maji ili "anywe haraka" wanaipunguzia nguvu, kwa sababu kazi yake ni kupeleka maji hayo utumboni. Na kama mpangaji ana shida ya kumeza na hutumia pia unga wa kukazia vinywaji, soma kopo lake. Macrogol ikikutana na unga wa kukazia uliotengenezwa kwa wanga, kinywaji hulegea tena na kuwa chepesi, kikaingia kwenye mapafu. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kuhusu hilo Aprili 2021, lakini ukiuliza jikoni utakuta wengi hawajalisikia.

Namna ya kukaa ina maana pia: miguu juu ya kigoda kidogo, magoti juu kuliko nyonga, mgongo umeinama kidogo mbele. Kigoda cha bei ndogo bafuni hufanya kazi kubwa.

Kula na kumeza

Kila mpangaji aliyewahi kupaliwa, anayekohoa akila, au mwenye nimonia za kurudiarudia anapaswa kuwa ameonwa na mtaalamu wa umezaji na kupewa ngazi ya chakula na ya kinywaji. Ngazi hizo ni za kimataifa, IDDSI, kuanzia 0 hadi 7. Majina ya zamani kama "chakula laini" yaliachwa kwa sababu kila mtu aliyaelewa anavyotaka. Ukiyakuta bado kwenye faili, faili hilo ni la zamani.

Usisome karatasi tu. Subiri chakula kipakuliwe, kisha chukua uma.

Ngazi ya 6: vipande visizidi sentimita 1.5 kwa 1.5. Bonyeza kipande kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba uwe mweupe. Kinapaswa kupondeka na kisirudi umbo lake. Kikirudi, ni kigumu mno.

Ngazi ya 5: chembe za milimita 4, yaani zinazopita kati ya meno ya uma wa kawaida, ndani ya mchuzi mzito. Wali unaruhusiwa ikiwa umeshikana kwa mchuzi bila kunata na bila punje kuachana. Pilau iliyochambuka vizuri, ambayo nyumbani ingekuletea sifa, hapa ni hatari.

Ngazi ya 4: kilichosagwa kikae juu ya kijiko bila kumwagika, na ukiinamisha kijiko kianguke chote kwa pamoja, kisibaki kimenata.

Mkate ndio unaoleta ubishi zaidi. Katika ngazi ya 4, 5 na 6 mkate wa kawaida hauruhusiwi mpaka mtaalamu aseme hivyo kwa mtu huyo, na chapati hivyohivyo. Mhudumu mwema anayempa mpangaji kipande cha sandwichi yake "kwa kuwa anapenda" anaweza kumpoteza.

Vinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, la aina inayotajwa na IDDSI. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Mililita 1 hadi 4 ni ngazi ya 1, 4 hadi 8 ni ngazi ya 2, zaidi ya 8 huku kikiendelea kudondoka ni ngazi ya 3. Kisipotoka kabisa ni ngazi ya 4. Jaribio zima halifiki dakika moja. Vijiko vya unga hutofautiana kwa kila aina ya kopo, kwa hiyo aliyezoea kopo la zamani akipewa jipya hukosea bila kujua. Kopo lenyewe lifungiwe kabatini: mtu akila unga mkavu kwa kijiko, unavimba kooni na kumziba pumzi. NHS England, huduma ya afya ya taifa, ilitoa tahadhari mwaka 2015 baada ya kifo cha namna hiyo.

Wakati wa kula mpangaji akae wima, kidevu kisielekee juu, na abaki wima angalau dakika 30 baadaye. Anayemlisha akae mbele yake, si kusimama pembeni. Akipaliwa na hawezi kukohoa: mapigo matano kati ya mabega, kisha kumkamua tumbo juu ya kitovu mara tano, ukirudia, na 999. Mwombe mhudumu wa zamu akuonyeshe anavyofanya. Cheti kinaonyesha alihudhuria mafunzo. Mikono inaonyesha kama anakumbuka.

Bafu na kifafa

Maji ya kujaza bafu yasizidi nyuzijoto 44, na ya shawa kwa kawaida 41. Mabomba ya nyumba hizi huwekewa vali ya kuchanganya maji, lakini vali huharibika kimyakimya. Weka kipimajoto ndani ya maji, uandike namba. Daftari lenye "43" kila siku kwa miezi mitatu bila hata 42 moja halikuandikwa na mtu aliyepima. Usisuluhishe kwa kushusha joto la tangi: maji ya tangi hukaa nyuzi 60 ili bakteria wa Legionella wasizaliane. Kinachorekebishwa ni vali, na hiyo ni kazi ya mwenye jengo. Mwandikie, kisha weka nakala.

Mwenye kifafa haachwi peke yake ndani ya maji. Connor Sparrowhawk alikuwa na miaka 18 alipozama bafuni mwaka 2013, baada ya kushikwa na kifafa, kwenye kitengo cha afya huko Oxford. Hakukuwa na aliyekuwa akimwangalia. Mwaka 2018 taasisi ya NHS iliyokiendesha kitengo hicho ilitozwa jumla ya pauni milioni 2 kwa kifo chake na cha mgonjwa mwingine. Alikuwa kwenye kitengo chenye wauguzi. Nyumba ya wapangaji watatu na mhudumu mmoja ina macho machache zaidi. Shawa ni salama kuliko bafu, mlango usifungwe kwa ndani, na kama mtu anataka faragha, mpango useme mhudumu atasimama wapi na atasikiliza nini. "Kumtembelea kila dakika 15" si uangalizi wa mtu aliye majini.

Uliza maswali matatu kwa mhudumu yeyote aliye zamu, bila kumpa faili: kifafa chake kinaanzaje, dawa ya dharura inatolewa baada ya dakika ngapi, na iko wapi sasa hivi. Mipango mingi husema dakika tano kwa midazolam ya kuwekwa kati ya shavu na fizi, lakini fuata ya mtu huyo. Kosa la kawaida ni dawa kubaki kabatini huku mpangaji yuko sinema. Jingine ni tarehe iliyopita. La tatu ni mhudumu kukisia muda badala ya kutazama saa mara kifafa kinapoanza. Dakika mbili huonekana kumi.

Dawa: hesabu, usiamini sahihi

Chati ya MAR, yaani ya kuandikia dawa zilizotolewa, ikijaa sahihi haithibitishi kuwa dawa zilimezwa. Hesabu vidonge. Mfano: tarehe 1 asubuhi, kabla ya dozi ya kwanza, ziliandikwa 56. Anatumia viwili kwa siku. Tarehe 10 asubuhi, kabla ya dozi, zimepita siku tisa, yaani 18. Lazima viwepo 38. Ukikuta 40, siku moja iliwekwa sahihi bila dawa kutolewa. Ukikuta 36, kuna siku alipewa mara mbili, au vimepotea. Fanya hivi kwa dawa mbili tofauti kila unapokagua, moja ya kila siku na moja ya kupewa inapohitajika.

Hizi za "inapohitajika" ndizo zinazofichua tabia ya nyumba. Lazima kila moja iwe na maelezo ya dalili gani, kipimo gani, isizidi mara ngapi kwa saa 24, na nini kijaribiwe kwanza. Kisha panga tarehe zilizotolewa kando ya ratiba ya zamu. Kama lorazepam, dawa ya kutuliza, hutolewa hasa anapokuwapo mhudumu fulani, au jioni ambazo nyumba ina upungufu wa watu, tatizo haliko kwa mpangaji.

Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya wakati huo, ilikadiria kwamba watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakipewa dawa za akili bila ugonjwa unaozihitaji. Kampeni ya STOMP, ya kupunguza dawa hizo zisizohitajika, ilianza mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Ukikuta dawa kama risperidone na hakuna anayejua ilianzishwa kwa nini, omba mapitio kwa daktari. Usiikatishe mwenyewe, kuacha ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa.

Kuficha dawa ndani ya chakula bila uamuzi wa maandishi, uliohusisha daktari na mfamasia, ni kosa, hata kama nia ilikuwa njema. Na jambo dogo linalosahaulika: mafuta na krimu za kulainisha ngozi hukauka kwenye shuka na nguo, na kitambaa hicho hushika moto haraka. Kama mpangaji anavuta sigara, huduma ya zimamoto iombwe ije kutathmini.

Anapobadilika ghafla

Asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa njia nyingine: anakataa chakula anachokipenda, analala mchana, anajipiga kichwa, anakataa kuvaa kiatu kimoja. Madaktari wengi huliweka hilo kwenye ulemavu wake, na wahudumu pia. Utaratibu uwe huu: tabia mpya ni ugonjwa au maumivu mpaka ithibitike vinginevyo. Kagua meno, masikio, choo, mkojo, ngozi, dawa mpya. Sema kwa daktari: "Hivi sivyo alivyo, alikuwa hivi mpaka Jumatatu."

Kila mwenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 14, aliyesajiliwa hivyo kwa daktari wake wa familia, anastahili uchunguzi wa afya kila mwaka, na baada yake mpango wa maandishi. Tafuta mpango huo. Uchunguzi wa dakika kumi kwa simu, bila uzito wala shinikizo la damu, urudiwe. Akipelekwa hospitali aende na pasi yake ya hospitali yenye picha ya hali yake ya kawaida: anavyowasiliana, anavyoonyesha maumivu, ngazi ya chakula, dawa zinazomdhuru. Oliver McGowan alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 18, baada ya kupewa olanzapine, dawa ya magonjwa ya akili, hospitalini ingawa yeye na wazazi wake walikuwa wamekataa dawa za aina hiyo. Mafunzo ya lazima kuhusu ulemavu wa akili na usonji yanaitwa kwa jina lake, na sheria ya 2022 inamtaka kila mtoa huduma anayesajiliwa na CQC awape wafanyakazi wake mafunzo ya namna hiyo. Omba kuona nani bado hajapata.

Ukikuta amri ya kutomfufua moyo ukisimama, soma sababu iliyoandikwa. Ikiwa ni "ulemavu wa akili", hiyo si sababu halali, mpigie daktari.

Kufuli na mikono

Friji iliyofungwa, kengele kwenye mlango wa chumba, geti lenye namba za siri, mhudumu anayemfuata mtu hadi chooni. Kila kimoja ni kizuizi na kila kimoja kinahitaji jibu: kwa nani, kwa sababu gani, nani aliamua, kitapitiwa lini. Friji iliyofungwa kwa ajili ya mpangaji mmoja imewafungia wote watatu, na hilo mara nyingi halijaandikwa popote.

Sheria ya Mental Capacity Act ya 2005 inaanza na dhana kwamba mtu mzima ana uwezo wa kuamua mpaka ionekane hana, na uwezo hupimwa kwa uamuzi mmojammoja. Anaweza kushindwa kuelewa upasuaji na akajua vizuri anataka kulala saa ngapi. Karatasi inayosema tu "hana uwezo", bila kutaja uamuzi, haifai kitu. Uamuzi mbaya kidogo, kama kunywa soda mbili, bado ni haki yake.

Kama anaangaliwa muda wote, hawezi kuondoka kwenda kuishi kwingine, na hawezi kukubali mwenyewe mpango huo, kunyimwa uhuru huko kunahitaji idhini ya Court of Protection, mahakama ya mambo ya watu wasioweza kujiamulia. Hapa wengi wanachanganya: utaratibu wa DoLS, wa kuidhinisha kunyimwa uhuru bila kwenda mahakamani, ni wa makao ya huduma na hospitali, hautumiki kwenye nyumba ya mpangaji. Fomu ya DoLS kwenye faili la supported living inaonyesha kwamba aliyeiweka hakujua anafanya nini. Halmashauri ndiyo kwa kawaida hupeleka ombi mahakamani, na idhini hupitiwa upya, kwa kawaida ndani ya miezi 12.

Kuhusu kumshika mtu kwa nguvu: kila tukio liandikwe, likiwa na muda, mkao, nani alishika wapi, na kilichotokea kabla. Asilazwe kifudifudi. Kama matukio yanatokea saa ileile kila siku, tazama kinachotokea saa hiyo: kelele, njaa, kungoja gari.

Fedha na saa

Fungua pochi mbele ya mpangaji, hesabu, linganisha na daftari. Risiti moja ya mkahawa yenye vyakula viwili kwa fedha za mtu mmoja inaeleza mengi. Mhudumu kukusanya pointi za duka kwenye kadi yake mwenyewe kwa manunuzi ya mpangaji ni kuiba, ingawa wengi hulichukulia kama mzaha. Namba ya siri ya kadi ya benki isijulikane na zamu nzima.

Saa za huduma nazo ni fedha zake. Omba mgawanyo uliolipiwa na halmashauri: kwa mfano saa 28 za peke yake kwa wiki, pamoja na za kushirikiana, na usiku wa kukesha au wa kulala. Kisha linganisha na ratiba halisi. Wizi wa kawaida ni mhudumu mmoja kuwapeleka wapangaji wawili dukani na kuandika saa ya peke yake kwa kila mmoja. Mwingine ni usiku uliolipiwa kukesha ukafanywa na mtu aliyelala, na hapo mwenye kifafa ndiye anayelipia.

Kutoa taarifa

Hatari ya sasa hivi ni 999. Unyanyasaji au kutelekezwa hupelekwa kwenye kitengo cha ulinzi wa watu wazima cha halmashauri, ambayo kwa kifungu cha 42 cha Care Act ya 2014 inapaswa kuchunguza. Mwambie pia CQC, kwa 03000 616161. CQC haitatui malalamiko ya mtu mmoja. Inayatumia kuamua wapi pa kukagua. Malalamiko ambayo mtoa huduma ameshindwa kuyajibu huenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya halmashauri na huduma.

Usitume sehemu moja tu. Katika hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol, muuguzi mmoja aliripoti ukatili kwa wasimamizi na kwa CQC bila hatua kuchukuliwa. Kamera ya siri ya BBC ndiyo iliyoufichua mwaka 2011. Wafanyakazi 11 walihukumiwa, sita wakaenda jela.

Kwa walioko kwa viza ya mwajiri: mwajiri hana mamlaka ya kufuta viza wala kumrudisha mtu nchini kwake. Anachoweza ni kukuachisha kazi na kuijulisha Home Office, wizara ya mambo ya ndani, ambayo kwa kawaida hutoa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine. Hofu hiyo ina msingi, basi zungumza na chama cha wafanyakazi au ACAS, shirika la ushauri wa haki za kazini, kabla au sambamba na taarifa yako. Sheria ya Public Interest Disclosure Act ya 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua hatari, na CQC inapokea taarifa zisizo na jina.

Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, chumba, ulichokiona na kukisikia kwa maneno yaleyale, nani alikuwapo. Acha "nadhani" na "kama kawaida yake". Usipige picha ya mpangaji kwa simu yako na usichukue mafaili yake nyumbani; eleza yalipo. Alama mwilini zichorwe kwenye ramani ya mwili, na ukubwa kwa sentimita. Unapopiga simu, omba jina la aliyepokea na namba ya kumbukumbu, uliza utajibiwa lini, na siku hiyo ikipita, piga tena ukiitaja namba hiyo.